Mahali Mwanga Ulipoanguka Mara Mbili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu na wafanyakazi wote wa chuo hiki cha ufundi, ndugu wahitimu mliovaa majoho ambayo, naomba niseme mapema, mengi yametoka dukani kwangu, kwa hiyo atakayekalia pindo vibaya ajue ananikalia mimi, wazazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mwenye siku yako, Bwana Tulia, mwalimu wa picha unayestaafu leo: nawasalimu wote, kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo tugawane hiki changu cha uzee.

Mshereheshaji amenong'ona sikioni, "Mama Cherehani, tafadhali usirefushe." Nimemjibu, "Sawa." Na nyote mnajua fundi cherehani akikwambia "sawa" maana yake nini.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Duka langu na studio ya Bwana Tulia vinachangia ukuta mmoja, ukuta mwembamba kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi namjibu "afya". Asubuhi hufundisha hapa chuoni, mchana hurudi kufungua studio, na tangu tumekuwa majirani nimemsikia akimwambia kila anayekaa mbele ya kamera neno moja tu: "Tulia." Bibi harusi, tulia. Mtoto mchanga, tulia. Alimwambia hata jogoo wa mteja mmoja. Ndiyo asili ya jina. Na kingine mnachopaswa kujua ni kwamba mimi sioni. Sioni kabisa. Ninyi nyote hapo mlipo ni sauti, kikohozi na harufu ya marashi, na kuna mtu safu za mbele amejipulizia chupa nzima, Mungu amsamehe.

Waliotangulia wamemsifu Bwana Tulia kwa wanafunzi aliowafundisha na wamesema kweli. Mimi nimesimama kumsifu kwa picha moja. Na si picha nzuri, kwa maneno yake mwenyewe. Ni picha aliyoniletea akiomba radhi, akaniambia ameiharibu.

Ndugu zangu, nina mabinti wawili. Mkubwa ni nesi. Mdogo ni fundi umeme, na wakati ninaousimulia, hawa wawili walikuwa hawajaketi chumba kimoja tangu msiba wa baba yao. Baba yao alipozidiwa, mdogo ndiye aliyekuwepo. Daktari akasema mgonjwa apasuliwe sasa hivi, hakuna kusubiri. Mkubwa alikuwa kituo cha kazi cha mbali, mahali ambapo simu inashika ikijisikia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido, mwili umekufa ganzi, siwezi kusema ndiyo wala hapana. Mdogo akapiga simu, akapiga, akapiga, mwishowe akasema ndiyo. Baba yao hakuamka. Na msibani, mbele ya majirani, mkubwa akamwambia mdogo wake: "Ungenisubiri, baba angekuwa hai."

Mnaelewa neno kama hilo likishatoka mdomoni? Halirudi. Toka siku hiyo, akija huyu kunisalimia, yule haji. Akipiga simu yule, huyu hataki hata kusikia jina. Mimi nikawa mama wa watoto wawili ambao kila mmoja ni mtoto wa pekee.

Halafu macho yangu nayo, kana kwamba yameona ya dunia yakatosheka, yakaanza kunifungia mlango. Presha ya macho, ugonjwa mpole, hauumi wala hauwashi. Ulinila pembeni kwanza. Nilikuwa nagonga milango, nikidhani milango ndiyo imehama. Mwisho nikawa naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na humo nako mna ukungu. Nyeusi na kahawia na bluu zote zilikuwa kitu kimoja, nyeupe peke yake ndiyo iliyokuwa bado inanisalimia. Daktari wa macho, kijana mstaarabu sana, alinishika mkono akasema, "Mama, kama kuna kitu unatamani kukiona, kione sasa." Jamani, mngekuwa ninyi mngechagua nini? Mimi sikufikiri hata kidogo. Nilitaka kuwaona wanangu wamekaa pamoja. Mara moja. Basi.

Nikamwambia mkubwa, akasema, "Mama, niombe kingine chochote." Nikamwambia mdogo, akasema, "Akiwepo yeye, sipo." Nikarudi dukani, nikakaa kwenye cherehani yangu, nikalia. Na nimeshawaambia ule ukuta ni mwembamba.

Bwana Tulia akaja, akasimama mlangoni. Hakuniuliza ninalia nini, alikuwa ameshasikia miaka yote. Alisema tu, "Mama Cherehani, hawalazimiki kukaa pamoja. Mmoja atakaa asubuhi, mwingine atakaa jioni. Kamera ndiyo itakayokaa nao."

Nikamuuliza, una akili timamu wewe?

Wahitimu mnisamehe, haya ninyi mmeyasomea, ila wazazi wenzangu hawajui, na mimi nilipoyasikia mara ya kwanza mwili wote ulinisisimka. Alinieleza hivi. Kwenye kamera yake ile ya zamani, ya filamu, filamu inasubiri mwanga. Ukifyatua, mwanga wa kitu kilicho mbele unaingia na kutulia pale. Lakini weusi hautoi mwanga. Ukimkalisha mtu upande wa kushoto, na nyuma yake na kuliani kwake kote ukatandaza kitambaa cheusi tii, basi ule upande wa kulia wa filamu haujaguswa na chochote. Bado unasubiri. Sasa ukiitega kamera upya bila kusogeza filamu, hata baada ya saa nzima, hata baada ya siku nzima, ukamkalisha mtu mwingine kuliani, naye atakwenda kutulia palepale, kwenye kipande kilekile, kando ya yule wa kwanza. Watu wawili, nyakati mbili, kipande kimoja.

Nikasema, "Si upige mbili, kila mtu yake, uzikate kwa mkasi uzibandike?" Mimi ni fundi nguo, mkasi ndio lugha yangu. Akaniambia, "Mkasi utaunganisha karatasi, Mama. Mimi nataka mwanga wa wote wawili ulale mahali pamoja." Enyi vijana mnaofanya hayo siku hizi kwa kugusa simu kwa kidole mkiwa mnakula, hebu fikirini kidogo neno hilo. Alisema kama mtu anayesema bei ya nyanya.

Basi tukaanza kazi. Wanangu niliwabembeleza, kila mmoja akakubali kuja kupigwa picha kwa saa yake. Mimi nilishona pazia. Nilichagua mahameli nyeusi kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa hayanisaidii, nikaipapasa mpaka nikapata ile yenye manyoya marefu inayomeza mwanga bila kurudisha. Yeye akaweka alama za chaki sakafuni, akafunga kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu na kuibana isicheze. Kisha akaja dukani kwangu na ombi la ajabu. Akanyoosha kidole gumba akasema, "Nifunge hiki kwa kitambaa."

"Umejikata?"

"Bado. Ndicho kitakachonikata."

Kumbe, ndugu zangu, mpiga picha aliyekomaa ana ugonjwa. Akishafyatua tu, kidole gumba chenyewe kinasogeza filamu, hakiombi ruhusa, kama vile mguu wangu unavyokanyaga pedali nikisikia uzi umekaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husahau kusogeza, anaharibu picha. Huyu bwana hofu yake ilikuwa kutosahau. Akisogeza filamu baada ya mkubwa, mkubwa atakwenda zake peke yake, mdogo atabaki kwenye kipande chake peke yake, na tutakuwa tumerudi kulekule. Na mkubwa siku hiyohiyo alikuwa anapanda basi kurudi kituoni. Hakukuwa na kumrudia. Nikamfunga kidole kwa ukanda wa shuka, nikaukaza vizuri, akapiga kelele kidogo, nikamwambia tulia.

Mkubwa akaja asubuhi, begi la safari mkononi. Bwana Tulia hakumficha kitu, maana yeye picha ya kudanganya watu hapigi. Akamwambia, "Wewe utakaa hapa kushoto. Mdogo wako atakuja baadaye, atakaa pale." Akamwonyesha kule kwenye weusi. Mwanangu akapatazama pale mahali kwa muda. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda pembeni, sura yake siioni vizuri, nilisikia pumzi yake tu. Bwana Tulia akaendelea: mikono mapajani, usivuke mstari wa katikati, kwa sababu mwanga ukianguka mara mbili mahali pamoja, pataungua, patakuwa peupe, picha itaharibika. Umeelewa? Ameelewa. Tulia.

Kamera ikalia. Na baada ya kulia, kimya. Nikasikia yule bwana anahema kwa nguvu kama aliyenusurika kugongwa na gari. Aliniambia baadaye kwamba kidole kilikwenda, tena kilikwenda mbio, kile kitambaa ndicho kilichokwama kwenye chuma cha kusogezea filamu, kikakiambia kidole: wewe, wapi?

Mkubwa akaondoka. Tukabaki tunamsubiri mdogo atoke kazini. Nawaambieni, sijawahi kukaa na kitu kwa heshima kama nilivyokaa na kamera ile. Mlango umefungwa, mapazia yameshushwa, hakuna kutembea hovyo sakafu isije ikatikisika. Wateja wakagonga, wachumba wawili wanataka picha za haraka. Bwana Tulia akafungua kidogo tu, akatoa pua, akasema, "Njooni kesho. Kamera ina mimba." Wakaondoka wakicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kile kisanduku kwa lile tundu langu la ufunguo, nawaza: humo ndani mwanangu mkubwa amekaa gizani, kando yake pana nafasi, na safari hii hawezi kuinuka akaondoka. Nilishikwa na hofu nzuri, ile hofu ya mtu aliyeingia nyumba ya ibada akakuta watu wamesujudu. Ni nani aliyefikiria kitu hiki? Ni nani aliyegundua kwamba giza likiwa giza la kutosha, linaweza kumtunzia mtu nafasi?

Jioni mdogo akaja na mkoba wake wa spana, naye akaelezwa yote. Akasimama mbele ya kamera, akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa msichana wa shule: "Yumo tayari?"

"Yumo," akajibu Bwana Tulia.

Akaenda kukaa. Mikono mapajani, akaambiwa. Mapajani kabisa, akaambiwa tena. Tulia. Kamera ikalia, ikawa imekwisha.

Siku chache baadaye, baada ya kuiosha filamu na kuitoa picha kwenye chumba cha giza, Bwana Tulia akaja dukani. Hatua zake nazijua, na siku ile hazikuwa zake. Akasema, "Mama, naomba radhi. Nimeharibu." Akanieleza. Yule mkubwa, sekunde ile ya mwisho, alinyoosha mkono kuvuka mstari. Yeye aliuona akiwa ameshafyatua. Akajipa moyo kwamba hamna neno, mradi mdogo asinyooshe. Ndiyo maana alimkataza mara mbili. Na mdogo, bila kuambiwa lolote, bila kuona lolote kando yake ila mahameli yangu nyeusi, naye akanyoosha. Mikono imeangukiana palepale, katikati ya picha. Imeungua. Peupe. Sura zimetoka vizuri sana, Mama, ila hapo katikati pameharibika.

Nikamwambia niletee dirishani.

Nikaisogeza usoni mpaka karatasi ikanigusa pua. Nikatafuta upande wa kushoto, giza. Nikatafuta upande wa kulia, giza. Ndugu zangu, sitawaficha, nilikufa moyo. Nilikuwa nimechelewa. Nimeshona pazia, nimewabembeleza watoto, nimemfunga mtu mzima kidole, na kumbe sura za wanangu zilikuwa zimeshanitoka machoni. Nilitaka kumrudishia picha yake nimwambie asante, basi. Ndipo nilipopitisha jicho katikati yake.

Nikaona.

Kitu cheupe. Kidogo, kama ganda la yai. Nikakitazama, nikatazama, na jinsi nilivyotazama ndivyo vilivyojitokeza vidole. Nikauliza, "Hiki cheupe ni nini?" Bwana Tulia akajibu kwa huzuni, "Hilo ndilo kosa lenyewe, Mama. Ni mikono yao."

Wazazi wenzangu, mnanisikia? Angefanikiwa, nisingeona kitu. Wangemtii wote wawili, mikono mapajani, picha safi ya kutundika ofisini, mimi ningekuwa nimepewa karatasi nyeusi. Mahali pekee ambapo mwanga ulitosha kunifikia ni pale ulipoanguka mara mbili, na ulianguka mara mbili kwa sababu watu wawili waliokuwa hawataki kuonana walinyoosha mkono, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja gizani. Nililia mpaka Bwana Tulia akaogopa. Nililia kwa furaha, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kulia kwa namna hiyo.

Nikawauliza kwa simu, kila mmoja peke yake, kwa nini mlinyoosha mkono? Mkubwa akasema kiti kilicheza. Mdogo akasema alikuwa anarekebisha shali. Haya, nimesikia. Lakini subirini niwaambie. Nilipomwambia mkubwa kwamba mkono wake umekutana na wa mdogo wake, aliuliza, "Wangu ndio uko juu?" Na mdogo, Mungu ni shahidi yangu, nilipomwambia, neno lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Wa nani uko juu?"

Nikamuuliza Bwana Tulia. Akasema hakuna ulio juu. Katika picha ya namna hii hakuna juu wala chini, wa kwanza hamfuniki wa pili, unauona mmoja ndani ya mwingine. Nikawapa jibu hilo. Hawakulikubali. Kila mmoja akasema atakuja kujionea mwenyewe, na mimi, kwa kuwa ni mzee na nasahau, nilisahau kumwambia huyu kwamba yule naye anakuja siku hiyohiyo.

Wakakutana dukani kwangu. Salamu hakuna. Wakaenda dirishani na picha yao. Mimi nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga pedali bila uzi, tr-tr-tr, wadhani nina kazi. Mkubwa akasema, "Si unaona pete yangu? Wangu uko juu." Mdogo akasema, "Pete inaonekana kwa sababu inang'aa. Angalia kucha, hizi ni zangu." Wakabishana. Wakageuza picha huku na huku. Nyie, sijawahi kusikia muziki mtamu kama ubishi ule! Halafu mdogo akasema polepole, "Nilikupigia simu siku ile mpaka chaji ikaisha."

Mkubwa akasema, "Najua."

Neno moja tu hilo. Mguu wangu ukasimama wenyewe kwenye pedali, na wao wakajua nilikuwa nasikiliza.

Sasa hata ule weupe umeondoka, siuoni tena, na sidai. Bwana Tulia, hicho ndicho kitu cha mwisho ambacho macho yangu yalikiona duniani wazi kabisa, na wewe ndiwe uliyekiweka pale, hata kama unaendelea kuwaambia watu kwamba uliharibu. Wanafunzi wako watakushukuru kwa ulivyowafundisha kutokosea. Mimi nakushukuru kwa ile moja. Pumzika, mwalimu wangu. Umefanya kazi ambayo mwili wangu unasisimka kila nikiikumbuka, na naikumbuka kila siku.

Nina ombi moja kwenu wahitimu, kisha nawaachia kipaza sauti chenu. Wanangu wote wawili wamo humu ndani; kuna wanaowasikia hapo nyuma wakiambiana "nyamaza". Kila Jumapili wanakuja kwangu, wanaitoa ile picha ukutani, wanaipeleka dirishani, na ubishi unaanza upya. Baada ya sherehe hii nina hakika watawafuata ninyi wataalamu, mmoja mmoja, kwa siri, wawaulize mkono wa nani uko juu. Nawasihi, wanangu, kwa elimu yote mliyoipata hapa: mwambieni kila mmoja kwamba ni wake.

Nawashukuru kwa masikio yenu na subira yenu.